"Haikuniwasha, basi haikuingia"

"Sista, haikuniwasha, basi haikuingia." Nimelisikia tena Jumatatu, kwa fundi wa rangi kutoka Changamwe. Mikono myeupe kama imepakwa chokaa, vidole vimepasuka, naye ataka mafuta ya kujipaka tu. Kila jioni hunawa kwa thina, kile kiyeyusha rangi.

Kuwasha ni habari ya neva. Kupenya ni jambo jingine. Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokufa, zimelaliana kama makuti ya paa, na baina yake mna mafuta yanayozuia maji. Sasa thina imeundwa ifanye nini kama si kuyeyusha mafuta? Haingoji kidonda wala mkwaruzo. Yapita mumo humo kwenye mafuta mpaka kwenye mishipa midogo ya damu. Toluini na zailini, viyeyushi vilivyomo katika thina nyingi, hupita hivyo. Methanoli, ambayo baadhi ya thina huwa nayo, hupita pia, na hiyo hujulikana kwa kupofusha macho. Ule weupe wa mikono ni ngozi iliyokwisha kuibiwa mafuta yake, na kesho itapitisha zaidi ya leo. Tia na joto letu la Machi na jasho, mambo yanayoirahisishia kazi.

Sikatai, nyingi huingia kwa pumzi. Lakini nikisema hivyo fundi hujifunga barakoa ya kitambaa akadhani yamekwisha. Kitambaa hakizuii mvuke.

Jingine linaloniudhi ni tambara lililolowa thina kutiwa mfukoni mwa suruali. Ngozi si sawa mwili mzima. Mwaka 1967 watafiti wa Marekani walipima dawa ya haidrokotizoni wakaona ngozi ya korodani inanyonya mara 42 kuliko ya mkono. Thina si haidrokotizoni, najua, ila mfuko uko pale pale.

Glavu za hospitalini? Thina huzipenya kwa dakika chache, kisha hunaswa ndani na kubanwa kwenye ngozi, huenda ikawa mbaya kuliko mkono mtupu. Karen Wetterhahn, mkemia wa Marekani, alidondokewa na matone ya zebaki ya dimethili juu ya glavu za lateksi mwaka 1996, akafa 1997. Ile ni sumu kali kuliko thina, lakini glavu ni zizi hizi. Za mpira wa nitrili, zile nene, zafaa kwa petroli. Asetoni, kiyeyushi kingine, yataka za mpira wa butili.

Wapo wanaokunywa maziwa baada ya kupiga rangi ili yatoe sumu; hayaondoi chochote. Yanywe tu kama una njaa.

Na "nimezoea": pua ndiyo iliyozoea.

Rangi ya mafuta ikikushika kabla haijakauka, paka mafuta ya nazi, sugua kwa tambara kavu, kisha sabuni na maji. Yule wa Jumatatu alicheka. "Sista, hayo si ya nywele?" Nikamwambia ndiyo, na thina ni ya brashi.