Mwanasheria, wakili, wakili wa serikali: nani anasimama kwa niaba ya nani?

Shangazi yangu alinunua kiwanja Chanika, na jioni ya siku ya malipo akanipigia simu akiwa na furaha zake. "Usiwe na wasiwasi mwanangu, mwanasheria ameshagonga muhuri." Nikamuuliza mwanasheria yupi. "Yule kijana wa pale stationari, pembeni ya kituo cha daladala."

Nilipoiona ile karatasi, muhuri ulikuwa mzuri tu, wa bluu, una mizani ya haki katikati na maneno ya Kiingereza yamezunguka pembeni. Nikaingiza jina la kijana kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama ya Tanzania ambao mtu yeyote anaweza kuufungua kwenye simu na kumtafuta wakili. Hayumo. Nikadhani tumepata kishoka, kama tunavyowaita watu wanaojifanya mawakili. Kumbe yule kijana alikuwa na shahada yake halali ya sheria. Alipojiita mwanasheria hakusema uongo. Kasoro ni kwamba hakuwa wakili, na karatasi ya shangazi ilihitaji wakili.

Mkanganyiko huu ni wetu sote, kwa sababu mtaani maneno hayo mawili tunayabadilishana kama nauli na chenji. Mwanasheria ni yeyote aliyesomea sheria. Ni jina la elimu, kama tunavyosema mwanahistoria au mwanauchumi. Wakili ni jina la nafasi. Limetoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni mtu aliyepewa mamlaka ya kusimama badala ya mwingine. Ndiyo maana kwenye ndoa ya Kiislamu walii, yaani mwenye mamlaka ya kumwozesha bibi harusi, asipoozesha mwenyewe humwachia mtu mwingine, na mtu huyo huitwa wakili hata kama hajawahi kuona kitabu cha sheria. Wakala anayekutolea pesa za simu na mwakilishi anayekusemea kwenye kikao wametoka shina hilohilo. Kwa hiyo ukikutana na mtu wa sheria, swali la kwanza si amesoma wapi. Ni nani amemtuma, na anamsemea nani.

Kutoka mwanasheria hadi wakili kuna safari. Nchini kwetu ilianza kidogo sana: kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na wanafunzi 13 ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Leo vyuo vinavyotoa shahada ya sheria ni vingi, na ukimaliza shahada hapo ndipo unapoanza kugonga mlango wa pili: Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Huko unajifunza kuandika hati za madai, kuhoji shahidi na kusimama mbele ya hakimu. Mlango wenyewe si mpana. Matokeo ya mwaka 2022 yalizua kelele nchi nzima: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, wengine 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Waziri akaunda kamati kuchunguza. Lililonishangaza wakati ule ni wangapi mitandaoni walikuwa wakiuliza, "Lakini si walishamaliza chuo?"

Anayevuka hapo huomba kwa Jaji Mkuu, huapishwa, na jina lake huingizwa kwenye daftari la mawakili. Halafu kila mwaka analazimika kuhuisha leseni. Asipoihuisha jina lake linabaki daftarini, lakini haruhusiwi kufanya kazi za uwakili mpaka aihuishe, na hilo wateja wengi hawalijui. Unaweza kuwa na wakili wa kweli, aliyeapishwa kweli, ambaye mwaka huu hana leseni.

Na hapa nisahihishe kitu kimoja. Watu huuliza, "Nitafutie wakili wa ardhi," au wa mirathi, au wa ndoa, kama vile wanavyotafuta daktari wa macho. Daktari bingwa ana shahada ya ubingwa. Kwa mawakili wetu leseni ni moja. Anayeshughulika na mikataba ya gesi na anayeshughulika na talaka Temeke wana karatasi ileile. "Wakili wa ardhi" maana yake ni kwamba amezizoea kesi za ardhi, anayajua mabaraza yake na anajua faili hukwama dirisha lipi. Uzoefu huo una thamani kubwa, lakini hakuna ofisi inayouthibitisha. Utaujua kwa kumuuliza mwenyewe: kesi kama yangu umeshafanya ngapi, na ziliishaje?

Upande wa serikali ndiko majina yanakofanana mpaka yanachosha, ingawa ukiyasoma polepole yanajieleza. Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni mshauri wa Serikali katika mambo ya sheria, na ndiyo maana anaingia bungeni kwa wadhifa wake. Wakili Mkuu wa Serikali ni mwingine kabisa. Ofisi yake ilianzishwa mwaka 2018, na kazi yake ni kuisimamia Serikali kwenye mashauri ya madai na usuluhishi, yaani pale Serikali inaposhtaki au inaposhtakiwa kuhusu mkataba, ardhi, fidia na kadhalika. Mmoja anashauri, mwenzake anasimama mahakamani. Aliyeyachagua majina hayo mawili alikijua Kiswahili chake.

Wa tatu ni Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye magazeti humwita DPP. Huyu ndiye mwenye kesi zote za jinai. Anaamua nani ashtakiwe na kwa kosa gani, na anaweza kuifuta kesi kabla ya hukumu. Ile sentensi ya kwenye habari, "DPP amesema hana nia ya kuendelea na shauri," ndiyo mamlaka hayo yanavyosikika. Kuachiwa kwa namna hiyo si kushinda kesi. Sheria haizuii mtu huyo kushtakiwa tena, na tumeshaona washtakiwa wakikumbatiana na ndugu zao nje ya mahakama huku askari wakiwa wamesimama hatua mbili nyuma yao, wakisubiri.

Sasa kuna jambo linalowaumiza watu wengi zaidi ya yote niliyoyataja. Mama amevunjiwa duka, mwizi amekamatwa, kesi imefika mahakama ya wilaya. Siku ya kwanza anafika mapema, amevaa vizuri, anamwona kijana au binti mwenye suti nyeusi anasimama na kusema, "Mheshimiwa, shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa, upelelezi haujakamilika." Mama anadhani huyo ni wakili wake. Anamfuata kwenye korido, anataka kumweleza habari za duka tangu mwanzo, anaombwa asubiri. Kesi inaahirishwa mara nne. Siku moja anaambiwa makubaliano yamefanyika na shtaka limepunguzwa, na anaondoka akisema wakili wake amenunuliwa.

Hakununuliwa. Hakuwa wakili wake. Kesi ya jinai ni Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na wakili wa serikali anasimama kwa niaba ya Jamhuri. Mama ni mlalamikaji na ni shahidi, pengine shahidi muhimu kuliko wote, lakini si mteja. Anaweza kuweka wakili wake wa kuifuatilia kesi, na anaweza kufungua shauri la madai ili alipwe mali yake. Huko kwenye madai ndiko atakakokuwa na mtu wa kumwambia "wakili wangu". Kama kuna kitu kimoja ningependa kibandikwe kwenye mbao za matangazo za mahakama zetu, ni hiki.

Mshtakiwa naye ana haki ya wakili wa utetezi. Kwenye kesi nzito kama za mauaji, asiye na uwezo hupangiwa wakili na mahakama, na malipo hutoka serikalini. Watu humchukia wakili wa namna hii, eti anamtetea muuaji. Yeye kazi yake ni kuhakikisha Jamhuri imethibitisha inachokisema pasipo shaka ya msingi. Hakuulizwa kama anampenda mteja wake.

Wapo pia wanasheria wa ndani: wa benki, wa kampuni ya simu, wa halmashauri. Hawa mteja wao ni mwajiri wao. Afisa wa sheria wa benki akikueleza kwa upole masharti ya mkopo, upole wake upokee, lakini ukumbuke nani anamlipa mshahara.

Muhuri una habari yake. Mawakili wengi wanaofanya kazi binafsi ni pia makamishna wa viapo na wathibitishaji wa nyaraka. Katika kazi hiyo wakili hamsemei mtu. Anashuhudia: umefika mbele yake, amekutambua, umeapa, umetia saini akiona. Kwa hiyo ile desturi ya kumtuma bodaboda na kiapo kilichokwisha kusainiwa ili kigongwe tu, inaondoa maana yote ya kiapo. Sheria inataka pale chini kamishna aandike mahali na tarehe kiapo kilipofanyika. Mstari mmoja tu, lakini yapo maombi yaliyotupwa na mahakama kwa sababu mstari huo haukukamilika, na mwenye kesi akarudi nyumbani bila hoja yake kusikilizwa hata neno moja. Tena wakili anayekuwakilisha kwenye shauri haruhusiwi kukuapisha kwenye shauri hilohilo. Atakupeleka kwa mwenzake ofisi ya jirani, na hapo usidhani anakuzungusha.

Wasio na fedha za wakili wana wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua rasmi, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imewafanya wajulikane hadi vijijini. Msaidizi wa kisheria amepata mafunzo, anakuelewesha, anakusuluhisha na jirani, anakuelekeza mlango wa kugonga. Hasimami mahakamani kwa niaba yako, na msaada wake ni wa bure. Akikudai pesa, huyo ni mtu mwingine.

Dalali wa mahakama, yule anayekuja na amri ya kuondoa vyombo nje, si mwanasheria kabisa kwa kazi ile, ingawa kwa sauti yake mtu anaweza kudhani ni jaji.

Wanaotazama filamu za Uingereza huuliza kwa nini kule kuna watu wawili, mmoja wa ofisini anayempokea mteja na mwingine wa joho na wigi anayesimama mahakamani. Kule taaluma iligawanywa tangu zamani. Sisi tulirithi sheria ya Waingereza bila mgawanyo huo, na mwenzetu Kenya vilevile: wakili mmoja anaandika barua ya madai Jumatatu na anaisimamia kesi Ijumaa. Kenya wana cheo cha heshima cha Wakili Mwandamizi, kinachotolewa na Rais, na tangu Katiba ya 2010 mashtaka yao ya jinai yako chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, si Mwanasheria Mkuu. Zanzibar nayo ina Mwanasheria Mkuu wake, Mkurugenzi wa Mashtaka wake na chama chake cha mawakili. Ndiyo maana chama cha huku Bara bado kinaitwa Chama cha Mawakili Tanganyika, jina ambalo wageni hudhani ni la kihistoria tu.

Turudi kwa shangazi. Karatasi ilirudishwa ilipopelekwa ardhi, kwa sababu aliyeshuhudia saini hakuwa na sifa. Tena Sheria ya Mawakili inahesabu kuwa ni kosa kwa asiye wakili kuandaa hati za namna ile kwa malipo, jambo ambalo yule kijana wa stationari alilijua vizuri kuliko sisi. Tukamtafuta wakili, safari hii tukaanza na e-Wakili kabla ya nauli. Mama mmoja mtu mzima, ofisi ndogo ghorofani, feni inayolia.

Muuzaji alikuja akiwa mchangamfu. Akapendekeza wakili huyohuyo awasimamie wote wawili, gharama wagawane, "maana sisi ni watu wa kuelewana." Shangazi akatikisa kichwa kukubali, kwake ilikuwa nafuu. Wakili akavua miwani, akaiweka juu ya faili.

"Baba, mimi nimeshachukuliwa na huyu mama. Nikigundua kiwanja chako kina mgogoro, nimwambie au nikufichie?"

Muuzaji akacheka kidogo, akaangalia saa. Alhamisi alirudi na wakili wake.