Spishi mpya hutambuliwa mezani: namna ninavyomweleza nondo-maji mdogo wa vijito vya tropiki

Watu wakisikia nimeeleza spishi mpya, swali la kwanza huwa: ulimpata wapi? Kijito naweza kukitaja, na saa pia, lakini pale kijitoni hakuna nilichokijua. Nondo-maji (mdudu arukaye ambaye utoto wake hupita majini) wa familia ya Hydroptilidae kwa kawaida hazidi milimita 5, na wengi hawafiki hata 3. Akitua karibu na taa usiku, huwezi kumtofautisha na ndugu zake kwa macho. Upya wake hujulikana mezani, tena kwa dume peke yake mara nyingi, na hujulikana kwa ncha ya tumbo lake.

Hawa ni wa oda ya Trichoptera, ndugu wa karibu kabisa wa vipepeo na nondo, ila mabawa yao yamefunikwa na vinyweleo badala ya magamba. Katika oda nzima hakuna familia yenye spishi nyingi kuliko hii: zilizokwisha kuelezwa zimepita 2,000, na kila anayepekua vijito vya tropiki kwa bidii huongeza nyingine. Maisha yao majini ni ya ajabu. Lava, yaani mdudu mchanga aliyetoka yaini, hupitia hatua tano. Katika zile nne za kwanza huwa mwembamba na hutembea uchi, hana nyumba. Akifika ya tano, tumbo huvimba na ndipo anapojenga kikoba cha hariri, pengine akakipamba kwa chembe za mchanga. Wengi hutoboa seli za mwani na kufyonza kilichomo. Wengine hukwangua diatomu, mwani wa seli moja, juu ya mawe. Katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Orthotrichia kuna spishi za Australia ambazo lava wake huishi kama vimelea kwenye pupa (hatua ya kati ya lava na mdudu mzima) wa nondo-maji wengine. Mtu akisoma hayo hawezi tena kumwita mdudu huyu wa kawaida.

Kuwakamata si kazi ngumu. Jua likizama, unawasha taa ya mionzi ya urujuanimno kando ya maji, chini yake sinia jeupe lenye ethanoli, na wenyewe wanakuja. Ugumu unaanza wakati wa kuchambua. Wachambuzi huokota wadudu wakubwa, kisha humwaga masalia, na hawa wangu ndio walio kwenye masalia. Sampuli nyingi za zamani zimepoteza familia nzima kwa namna hiyo.

Kwanza naitafuta jenasi. Naangalia kama kuna macho madogo utosini, halafu nahesabu miiba minene ya miguuni. Hydroptila hana hata mmoja mguu wa mbele, ana miwili mguu wa kati na minne wa nyuma; Oxyethira na Orthotrichia wana mitatu mguu wa kati. Rangi siitegemei sana, kwa sababu ndani ya ethanoli vinyweleo hung'oka na madoa ya mabawa hupotea.

Sasa tumbo. Nalikata kwa sindano nyembamba na kulitia kwenye haidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10, au kwenye asidi ya laktiki iliyopashwa moto. Misuli na mafuta huyeyuka, ganda gumu hubaki. Hapa pana haja ya subira na jicho kali: ukiliacha muda mfupi, ndani kunabaki ukungu unaoficha viungo, ukizidisha, ganda jembamba linapauka hadi kingo zake hazionekani. Nalisuuza, nalihamishia kwenye tone la glisarini, naliweka chini ya hadubini. Glisarini ni nzito, kwa hiyo naweza kuligeuza tumbo taratibu likakaa jinsi ninavyotaka: ubavu, mgongo, chini.

Ninachokisoma ni vibano vya nje, bamba lililo chini yake, pingili ya kumi, na uume. Katika dume wengi wa Hydroptila uume una unywele mgumu unaojizungusha kuuzunguka kama mtambaazi kwenye shina, na urefu wake, mahali unapoanzia na jinsi ncha inavyokwisha ni mambo yanayotenganisha spishi. Orthotrichia ni mtihani mwingine: viungo vyake vya kushoto na kulia havifanani hata kidogo. Mchoro wa Orthotrichia uliogeuzwa kwa bahati mbaya ni mchoro wa mdudu asiyekuwepo. Nachora kila upande, na kila mara naandika upande gani huu.

Kuinamisha tumbo kidogo tu hubadilisha umbo la kibano. Kwa hiyo kabla sijasema "huyu ni mpya", nawatazama dume wengine wa sampuli ileile na wa vijito vya jirani, nikihakikisha tofauti haiji kutokana na mkao wala na utofauti wa kawaida ndani ya spishi moja. Kisha nasoma maelezo yote ya jenasi hiyo kwa eneo husika. Maelezo ya zamani yakiwa na mchoro mmoja mbaya, hakuna njia ila kukitazama kielelezo chenyewe kwenye makumbusho. Hatua hii huchukua muda kuliko zote, na ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote: jina linalotolewa kwa haraka huwapa kazi watu wa vizazi viwili kulifuta.

Vinasaba husaidia. Kipande cha jeni ya COI, inayotumika sana kutambua wanyama, chenye bezi (herufi za DNA) 658 humwunganisha jike na dume wake, jambo ambalo kwa umbo mara nyingi halitatuliki. Lakini sikubali kipande hicho kitangulie peke yake. Lazima mtu mwenye hadubini tu, asiye na maabara ya vinasaba, aweze kumtambua mdudu huyu kwa mchoro wangu.

Jina lina kanuni zake, na majina ya wanyama huanza kuhesabiwa mwaka 1758. Likiwa kivumishi hufuata jinsia ya jenasi. Hydroptila ni ya kike. Kwa majina yaliyochapishwa baada ya 1999, kielelezo cha taipu, yaani mdudu halisi anayebeba jina hilo, lazima kitajwe waziwazi pamoja na mkusanyiko kitakamohifadhiwa. Tangu 2012 chapisho la kielektroniki pekee linakubalika, mradi limesajiliwa ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama. Holotaipu wangu, ndicho kielelezo hicho cha taipu, huwa dume mmoja: tumbo kwenye kichupa kidogo cha glisarini, mwili kwenye ethanoli, lebo moja kwa vyote viwili.

Lava wa spishi nyingi za tropiki bado hawajulikani, na kwa hilo pupa ndiye ufunguo. Pupa dume aliyekomaa tayari ana viungo vya uzazi vinavyosomeka, na ndani ya kikoba chake mmebaki vipande vigumu vya ngozi ya lava aliyekuwa. Kichupa kimoja kinakupa hatua zote mbili za mdudu mmoja, lava na dume. Ukiwa unakusanya mawe ya kijito kwa shughuli nyingine na ukaona vikoba vimegandishwa juu yake, vitie kwenye ethanoli bila kuvifungua, uandike kwa penseli kijito, tarehe na mwinuko, na karatasi hiyo uiweke ndani ya chupa, si nje.