Admini kubadili maneno ya mwanakundi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Admini wa WhatsApp anaweza kuhariri ujumbe wa mtu.
Hawezi. Anaweza kuufuta tu, na kundi zima litaona nani kaufuta. Anayehariri ni mwandishi mwenyewe, ndani ya dakika 15. Lakini kuna njia ya mkato: admini ananakili ujumbe, anaurekebisha, anaurudisha akiandika "kutoka kwa fulani", kisha anafuta ule wa awali. Aliyekwisha kujibu kwa kunukuu bado nukuu yake ina maneno ya kwanza. Sasa kundi lina kauli mbili za mtu mmoja, na moja hakuitamka.

Dhana: Kuongeza neno moja hakudhuru.
Chukua tangazo la viazi: "Gunia 70,000, mzigo upo Uyole." Admini, akiogopa wanunuzi wasije wakadhani ni lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi), anaongeza "la kilo 100". Kumbe magunia ya muuzaji ni ya kilo 80. Mnunuzi wa magunia 50 atadai tani nzima iliyopungua, na muuzaji atajibu, kwa haki kabisa, kwamba hakuandika kilo. Admini angeuliza tu pale pale: "Gunia kilo ngapi?"

Dhana: Kosa la hatari lirekebishwe kimyakimya.
Hili ndilo linalotuumiza zaidi. Mtu akikosea kipimo cha dawa ya ukungu kwa bomba la lita 20, wapo waliokwisha kusoma, wakafunga simu na kwenda shambani. Ukibadilisha maandishi kimya, hao hawapati habari, na wakirudi kutazama hawatajua kwamba walichopulizia ni kingine. Marekebisho lazima yaonekane:

1. Nukuu ujumbe wenye kosa, andika "KIPIMO HIKI SI SAHIHI", weka picha ya lebo ya dawa.
2. Bandika jibu hilo juu ya kundi; WhatsApp inaruhusu saa 24, siku 7 au siku 30.
3. Mwambie mwandishi aandike upya. Dakika 15 zikipita hawezi kuhariri, basi afute mwenyewe baada ya jibu lako kusomwa.

Namba ya simu ya mtu asiyehusika ni jambo jingine: futa ujumbe wote mara moja, taja sababu, mwandishi aurudishe bila namba.

Dhana: Mfumo ukiruhusu, basi ni halali.
Novemba 2016 Steve Huffman, mkuu wa mtandao wa mijadala wa Reddit, alibadili kwa siri maoni ya watumiaji waliokuwa wakimtukana. Mfumo ulimruhusu. Ilibidi akiri na kuomba radhi, kwa sababu baada ya hapo nani angeamini kwamba jina lililo juu ya maneno ndilo lililoyaandika?

Dhana: Kilichofutwa kitapatikana tu.
Kwenye Telegram, orodha ya vitendo vya karibuni hutunza vilivyofutwa na kuhaririwa kwa saa 48, na huonwa na maadmini peke yao. Kwa hiyo piga picha ya skrini kabla ya kufuta, saa na jina la mtumaji vikionekana, na mtumie mwenye ujumbe nakala yake faraghani.