Povu halifui nguo, jamani

Jana tena. Mama mmoja kaniletea kanzu tatu za mumewe, akachungulia beseni langu, akaguna: "Dobi, mbona sabuni yako haina povu? Umeichakachua?" Nafua Magomeni mwaka wa 14 huu, na swali hilo nimelijibu kwa upole mpaka upole wenyewe umekwisha. Leo naliandikia, ili siku nyingine niwe naonyesha simu tu.

Povu ni hewa iliyovikwa sabuni. Taka inatolewa na sabuni iliyo ndani ya maji: kila chembe yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia unajichomeka kwenye mafuta ya kola, kichwa kinavutwa na maji, uchafu unabanduka. Ndiyo maana sabuni za mashine zenye mlango wa mbele hutiwa kabisa dawa ya kuzuia povu. Humo nguo hutakata kwa kuanguka na kujipiga, na povu likijaa linageuka godoro. Bisha, tia humo unga wa kufulia kwa mkono, halafu tafuta dekio.

Ila wanaonichosha kuliko yule mama ni wajuaji waliosikia "povu si kitu" wakaishia hapo. Inategemea umeshika sabuni gani! Sabuni ya mche ni mafuta na kostiki. Ukiichovya kwenye maji ya kisima yenye kalsiamu na magnesiamu, yaani maji magumu, inashikana na madini hayo na kuganda. Ule utando mweupe unaong'ang'ania pembeni mwa beseni ndio sabuni yako hiyo, imekufa kabla ya kugusa nguo. Mche hautoi povu la maana mpaka madini yale yashibe. Kwa hiyo bibi zetu walipongoja povu walikuwa sahihi kabisa: kabla halijatokea, unayalisha maji, hujaanza kufua. Kosa letu ni kukichukua kipimo cha mche na kukipeleka kwenye sabuni ya unga, ambayo kiini chake kinavumilia maji magumu. Unga unaweza kufurika povu na kola ikabaki vilevile. Unazidisha vijiko, kisha unamaliza madumu ya maji kusuuza, na usiposuuza vya kutosha shuka linakakamaa na mtoto anajikuna usiku.

Nikiri kitu lakini. Nikifua ovaroli za mafundi gereji kwa unga, na mimi huliangalia povu. Likifa katikati ya kazi, najua grisi imeimeza sabuni yote, naongeza. Povu kufa lina habari ya kunipa. Kujaa kwake ndiko hakuniambii lolote.

Na maji ya chumvi si lazima yawe maji magumu, msivichanganye. Kama kisima chako kinakula mche, tia soda ashi kidogo kwenye maji kwanza, sabuni ifuate. Isipokuwa kwa sufu na hariri, hizo haziipendi soda.

Damu, maziwa, mayai: maji baridi na unga wenye vimeng'enya. Maji ya moto yanaipikia damu ndani ya uzi. Vimeng'enya hivyo vinakula protini, na sufu na hariri nazo ni protini, sasa jiongeze. Sweta la sufu mimi hulifua kwa shampuu ya nywele. Cheka tu, sufu ni nywele.

Turudi kwenye zile kanzu. Zilikuja na mabaka ya njano, na mama akataka nizikomeshe kwa jiki. Nikamwuliza, nyumbani mnatumia kisima? Ndiyo. Jiki mlishatia? Kifuniko kizima, mara mbili. Basi. Maji yenye chuma yakikutana na jiki, chuma kinageuka kutu, na kutu inahamia kwenye nguo. Kila akiongeza jiki anaongeza njano. Kutu inatolewa kwa tindikali, hata ndimu inasaidia, lakini nguo isuuzwe jiki yote iishe kwanza, maana jiki na tindikali vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na hiyo ni sumu ya kifuani. Kanzu mbili zimetakata. Ya tatu naona jiki imeshaukata uzi, nimemwambia ukweli.

Mtaniuliza kuhusu kuloweka kanga mpya kwenye chumvi. Kwa ninavyoelewa mimi, chumvi haiifungi rangi ambayo kiwandani haikushika. Ikichuja itachuja tu. Nimeeleza hivyo kwa wateja wengi, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Na kanga mpya ya mke wangu ilipofika wiki iliyopita, niliitia chumvi kiganja kimoja kwenye ndoo.