Milipuko ya redio ya Jua: joto si jibu

Dhana: Jua likichafuka hupata moto zaidi, na joto hilo ndilo linalotoa mlipuko wa mawimbi ya redio.

Ukweli: Jua hutoa mawimbi ya redio kwa joto lake hata likiwa limetulia, lakini ni hafifu. Korona, angahewa yake ya nje, ina nyuzi milioni 1 hadi 2 hivi. Mlipuko mkali ukipimwa, ung'avu wake ni ule ambao ungehitaji joto la nyuzi trilioni 1 na zaidi. Juani hakuna mahali pa namna hiyo, kwa hiyo joto haliwezi kuwa jibu.

Kinachotokea ni kwamba mmweko wa Jua, yaani mfyatuko wa ghafla wa nishati, hurusha elektroni kwa kasi inayoweza kufika theluthi ya kasi ya mwanga. Zikipita kwenye plazima ya korona (gesi ya moto yenye chembe za umeme) huiacha ikitikisika, kama mashua inavyoacha viwimbi nyuma yake, na sehemu ya mtikisiko huo hugeuka mawimbi ya redio. Masafa yake hupangwa na msongamano wa plazima: penye elektroni milioni 100 katika sentimita moja ya ujazo, ni kama megahezi 90, palepale zilipo stesheni za FM. (Kuna milipuko ya njia nyingine pia, hasa ya mikrowevu, ambako elektroni hutoa mawimbi zenyewe zikizunguka kwenye uga wa sumaku.)

Dhana: Masafa yakishuka, chanzo kinapoa.

Ukweli: Kinapanda tu, kuelekea kwenye plazima nyepesi zaidi. Milipuko ya aina ya III hushuka kwa sekunde chache kwa sababu elektroni zina mbio. Ya aina ya II huchukua dakika kadhaa: inasukumwa na wimbi la mshtuko, ambalo kilomita 1,000 kwa sekunde ni mwendo wake wa kawaida.

Dhana: Milipuko hii ni sauti ya Jua.

Ukweli: Sauti haivuki ombwe. Rekodi za milipuko hii zilizoko mtandaoni ni mawimbi ya redio yaliyogeuzwa kuwa sauti.

Dhana: Tuna siku mbili tatu za kujiandaa kabla mlipuko haujatufikia.

Ukweli: Siku hizo ni za wingu la plazima ambalo Jua hulirusha. Mawimbi ya redio hufika kwa dakika 8 na sekunde kadhaa, sawa na mwanga, hivyo ukiuona mmweko, mlipuko nao umeshafika. Februari 1942 rada za Uingereza zilivamiwa na kelele, ikashukiwa ni hila ya Wajerumani, mpaka mwanafizikia Mwingereza J. S. Hey alipoona kelele inatoka upande wa Jua.