Mita ya mtiririko mdogo: maneno ya karakana na yanayotokea bombani

"Bomba ni la milimita 50, leta mita ya milimita 50." Nimelisikia agizo hili la kufunga mita, yaani kifaa cha kupima maji yanayopita, mara nyingi mno, na makosa mengine karibu yote huzaliwa humo. Aliyechagua bomba alikuwa na hesabu zake: presha isipotee, kiwanda kije kupanuka, au pengine stoo kulikuwa na bomba la ukubwa huo tu. Mita haijui lolote kati ya hayo. Inachojua ni kasi ya maji yanayopita tumboni mwake.

Chukua maji ya ujazo wa lita 1,000 kwa saa. Ndani ya bomba la milimita 50 maji hayo yanajikokota sentimita 14 tu kwa sekunde. Yapitishe kwenye mita ya milimita 15 yanakimbia zaidi ya mita moja na nusu kwa sekunde. Maji ni yale yale, ila mita ya kwanza inasikia mnong'ono, ya pili inasikia mtu akiongea. Kwa hiyo kata bomba, weka reduza (kiungo cha kupunguza ukubwa wa bomba), funga mita ndogo, kisha rudi kwenye ukubwa wa awali. Si ufundi wa kubahatisha, ndivyo inavyotakiwa. Kabla ya hapo, piga hesabu ya presha itakayopotea siku mtiririko utakapokuwa mkubwa kabisa. Hapo ndipo wengi huteleza: wanashughulikia maji kidogo ya usiku, wanasahau maji mengi ya asubuhi pampu zote zikiwashwa.

Dhana ya pili ina sura ya kitaalamu: "Hii ina usahihi wa asilimia 1, inatosha." Asilimia 1 ya nini? Kama ni ya kipimo cha juu kabisa, na mita inafika lita 100 kwa dakika, basi inaruhusiwa kukosea lita 1 popote pale. Ukipitisha lita 5 kwa dakika, ikisoma 4 iko sawa, ikisoma 6 iko sawa pia, na muuzaji hajakudanganya. Hilo ni kosa la asilimia 20. Tafuta maneno "ya usomaji", yaani asilimia ya namba inayosomwa wakati huo, na hata ukiyakuta usifunge karatasi. Mita nyingi za sumakuumeme, zinazopima kasi ya maji kwa sumaku na umeme, huongezewa kosa la kudumu la milimita 1 au 2 kwa sekunde, limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Maji yakienda kwa kasi huwezi kuliona. Yakitembea sentimita 2 kwa sekunde, milimita 2 ni sehemu ya kumi nzima.

Halafu kuna imani kwamba mita ikisoma sifuri maji hayapiti. Niliwahi kusimama chini ya tanki linalofurika, nguo zimelowa, nikitazama kioo cha mita kikisema 0.00. Mita ilikuwa nzima. Mita za kielektroniki zina mpangilio wa kufuta mtiririko mdogo, umewekwa makusudi ili namba zisichezecheze maji yakiwa yamesimama. Ukiwekwa sentimita 2 kwa sekunde kwenye mita ya milimita 50, chochote kilicho chini ya lita 2.3 hivi kwa dakika kinaandikwa sifuri. Vali inayopitisha lita 2 kwa dakika itamwaga lita 2,880 kwa siku, na ripoti itakuja safi kabisa.

Aina nyingine nazo zina upofu wake. Tabaini, yenye gurudumu linalozungushwa na maji, husimama pale nguvu ya maji inaposhindwa na msuguano wa bearingi. Voteksi, inayohesabu maji yanayojizungusha nyuma ya kizuizi, inahitaji msukosuko ili mizunguko hiyo ijitokeze. Nyingi huanza kuaminika namba ya Reynolds (kipimo cha msukosuko wa maji) ikifika 10,000 au 20,000, ilhali maji ya kasi ya sentimita 10 kwa sekunde kwenye bomba la milimita 25 yana 2,500 tu. Sahani yenye tundu, inayopima kwa tofauti ya presha kabla na baada ya tundu, ndiyo mbaya kuliko zote hapa: mtiririko ukishuka hadi sehemu ya kumi, tofauti ya presha inashuka hadi sehemu ya mia.

"Weka ya sumakuumeme, haina kinachozunguka, haina shida." Naipenda, lakini inataka maji yanayopitisha umeme, kwa kawaida kuanzia mikrosimensi 5 kwa sentimita (kipimo cha maji kupitisha umeme). Maji yaliyoondolewa madini huweza kuwa chini ya 1. Hapo itakuonyesha namba za ajabu au isionyeshe kitu. Kwa maji hayo tazama ya ultrasoniki, inayopima kwa mawimbi ya sauti, yenye mwili wake (ya kufunga nje ya bomba huyumba sana kasi ikiwa ndogo), au koriolisi, inayopima uzito wa maji kwa bomba linalotikiswa, kama fedha ipo.

Mita ya pistoni, ile ya majumbani, hudharauliwa viwandani bila sababu. Kwa mujibu wa ISO 4064, kiwango cha kimataifa cha mita za maji, mita ya Q3 (mtiririko wake wa kawaida wa juu) ya lita 2,500 kwa saa yenye uwiano R160 (Q3 ni mara 160 ya mtiririko wa chini kabisa) lazima ipime kuanzia lita 15.6 kwa saa, kosa lisizidi asilimia 5 kwenye eneo hilo la chini. Haidai bomba nyoofu kabla yake. Adui wake ni mchanga, kwa hiyo weka chujio. Ila angalia palsi zake, yaani ishara za umeme inazotoa kuhesabu maji: ukinunua inayotoa palsi moja kila lita 10, kwa mtiririko wa nusu lita kwa dakika utangoja dakika 20 kupata alama moja, na mtambo wa kudhibiti utadhani maji yamekatika.

Ukiwa na shaka na mita yoyote kati ya hizi, chukua ndoo. Ipime ikiwa tupu, fungua maji kwa dakika 5 kwa saa ya kusimamisha, ipime tena. Kwa nusu lita kwa dakika utapata kilo 2.5 hivi, na mizani inayosoma gramu 5 itakupa jibu zuri kuliko mita nyingi nilizozitaja. Fanya hivyo kwenye mtiririko wa chini kabisa unaoujali, kabla hujasaini kupokea kazi.