Sensa ya Ndege wa Majini Bagamoyo: Kwa Nini Januari, na Kwa Nini Maji Yakijaa

Mwezi Januari, kaskazi inapovuma na Bagamoyo ikiwa katika joto lake kali, nyanda za Siberia zimeganda kwa theluji, na ndege walioatamia mayai kule wako huku kwetu wakidonoa matope karibu na mlango wa mto Ruvu. Ndio wakati ambao wapenda ndege hufanya sensa yao ya mwaka. Desturi hiyo ilianzia Marekani siku ya Krismasi ya mwaka 1900, pale mtaalamu wa ndege Frank Chapman na wenzake 26 walipohesabu ndege badala ya kushindana kuwapiga risasi. Sensa ya kimataifa ya ndege wa majini ilianza mwaka 1967, na ya Afrika mwaka 1991. Januari imechaguliwa kwa sababu wageni hawa wamekwisha kutulia, hivyo si rahisi kundi moja kuhesabiwa katika fukwe mbili.

Jambo linalodharauliwa na wengi ni maji. Yakipwa, vitwitwi na sululu, ndege wa pwani wanaodonoa matope, hutawanyika matopeni wasiweze kuhesabika. Yakijaa, hasa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hulazimika kukusanyika palipobaki pakavu, kama vile kwenye kingo za mabwawa ya chumvi ya Nunge. Kwa hiyo siku ya sensa huchaguliwa kwa kuutazama mwezi, jambo ambalo mvuvi wa hapa hahitaji kufundishwa.

Kundi kubwa halihesabiwi ndege mmoja mmoja. Mhesabu huhesabu kumi kwa uangalifu, akaona wamechukua nafasi kiasi gani, kisha akaendelea kwa makumi. Kumtambua kila ndege ni kazi nyingine: kitwitwi wa Siberia mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini huwa wa kijivu mwezi Januari, na kifua chake hugeuka rangi ya matofali anapokaribia kurudi kwao. Asiyetambulika aandikwe hivyo hivyo, kwa maana kubahatisha jina huharibu takwimu. Na bwawa lililokutwa tupu liandikwe sifuri. Kwa maoni yangu sifuri hiyo ina thamani kuliko picha ya ndege adimu, kwani nafasi iliyoachwa wazi haielezi kama ndege hawakuwapo au mhesabu hakufika.

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, mwaka 2000. Kwa mujibu wa mkataba huo, ardhioevu ambayo kwa kawaida hukaliwa na asilimia 1 ya idadi ya jamii fulani ya ndege wa majini huweza kutambuliwa kuwa na umuhimu wa kimataifa, na hilo halithibitishwi kwa sensa ya mwaka mmoja. Vitwitwi wakipungua ghafla, tusikimbilie kuwalaumu wakata mikoko, maana huenda chanzo kiko Siberia: panya wa kule wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na makinda, na msimu unaofuata ndege wachanga wanaotufikia huwa wachache. Upungufu unaorudi mwaka hadi mwaka, mahali pale pale na kwa maji yale yale, ndio unaostahili kuchunguzwa hapa nyumbani.

Atakayeshiriki aje na darubini kama anayo, pamoja na penseli, kwa sababu wino huchujuka kwa jasho. Aombe ruhusa kwa wenye mabwawa kabla ya kupita juu ya kingo, kwani ni za udongo, na zikibomoka chumvi ya mtu huharibika.